Mlango wa Chumba Namba Mbili

Nilikwenda kumzika Edson nikiwa na nia ya kukaa kidogo, kula, na kurudi stendi mapema. Kutoka Makongolosi mpaka Iringa ni mwendo, na mgahawa nilikuwa nimewaachia wasichana wawili ambao bado wanaivisha ugali nusu, na wateja wa machimboni hawana simile. Lakini Edson alikuwa bosi wangu wa kwanza na wa mwisho, na mtu aliyekupa kazi akifa unakwenda. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Watu wa ndizi, leo hapa ni wali tu, mtafanyaje?" Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na mitatu, na mgongo wangu uliijua kabla ya kichwa. Nikageuka. Alikuwa Veneranda, ameota mvi mbele, amejifunga kitenge cha kwaya. Akanikumbatia yeye. Mimi sikumkumbatia kwa sababu nilikuwa nimeshika sahani, au ndivyo nilivyojiambia pale.

Tangu nilipoachia shule kidato cha pili nimekuwa na tabia ya kuandika daftari. Si kwamba nina mambo makubwa. Naandika hali ya hewa, tulichokula, nani kapita. Niliporudi kutoka msibani nililitafuta daftari la mwaka ule nilioishi Nyololo na Veneranda, nikalisoma lote kwa siku mbili nikiwa jikoni. Limejaa baridi na maharage. Kile ninachotaka kukiandika sasa humo hakimo, hata mstari mmoja, na siku zenyewe zinazohusika nimeandika tu "chumba namba mbili kimefungwa" halafu mboga ya siku hiyo. Kwa hiyo nitaandika kutoka kichwani, na kichwa changu sikiamini sana, kwa sababu ni changu na kinanipenda. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Nyololo ilikuwa mji wa barabarani. Malori yanasimama, watu wanashuka kujisaidia, wananunua mahindi ya kuchoma, wanaondoka. Sisi tulikuwa tunabaki. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, mimi na Veneranda, kitanda chake upande wa dirisha, changu upande wa mlango, na katikati jiko la mkaa na ndoo mbili za maji. Yeye alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, anatoka Kalenga, ana mtoto anaitwa Deo aliyekuwa kidato cha kwanza na anakaa kwa bibi yake. Kazini wote walimwita Mama Deo. Mimi nilimwita dada Vene. Alikuwa anasonga ugali mgumu wa kukata kwa uzi, na nilipomwambia kwetu Tukuyu ndizi ndiyo chakula, ugali ni wa kusindikizia, alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana mnapenda kuvaa vizuri," akasema, "tumbo likiwa tupu lazima shati linyooke." Ikawa ndiyo jina langu, watu wa ndizi, kama vile nilikuwa kijiji kizima. Jioni tulikula tumekaa kwenye vitanda vyetu, magoti karibu yagusane, na kupitia ukuta wa mabanzi tulimsikia mwenye duka akimwambia mkewe kila siku neno lilelile, kwamba mwakani wanahama, huku hakufai, na mkewe akimjibu, "Hama wewe kwanza, mimi nitakuja na gari la pili." Tulikuwa tunajiziba midomo kwa kanga ili wasitusikie tukicheka. Nataka niliseme hilo pia. Tulikuwa na furaha mle ndani, na sitaki yaliyofuata yalifute.

Kazi yetu ilikuwa pakihausi, pale ambapo maparachichi ya wakulima wa Mufindi yalichambuliwa, yakapangwa kwenye kreti na kupakiwa kwenda ng'ambo. Wengi walikuwa mezani wakichambua. Mimi na dada Vene tulipewa vyumba vya baridi, na hasa namba mbili, kile cha gesi. Edson, msimamizi, alitueleza siku ya kwanza akiwa ameshika parachichi moja kama mtu anayetaka kuliuza. "Tunda likichumwa halijafa," akasema. "Linapumua. Likianza kuiva linatoa hewa yake, jirani yake akiisikia hiyo hewa naye anaiva, na wa tatu naye. Ni kama akina mama msibani, akianza mmoja kulia wote wanalia. Hii gesi yetu inawaziba masikio. Mmoja akilia, wenzake hawasikii." Mama mmoja wa mezani akamuuliza, "Na akina baba je, bosi?" Edson akajibu bila kucheka, "Akina baba hawalii, wako kwenye pombe ya ulanzi." Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akaendelea kutuambia kwamba tunda likibaki gumu hata ukungu hauliingii upesi, bali likilainika tu, weusi unaanzia kwenye kikonyo na kushuka ndani, na mzungu akilikata analikuta limeoza hali kwa nje ni zima. Safari ya melini ni wiki nyingi. Kwa hiyo masikio lazima yazibwe vizuri.

Namna ya kuyaziba ilikuwa hivi. Kreti zinapangwa ndani, feni inawashwa, Edson anaingia na unga mweupe kidogo tu, anaumimina kwenye chombo cha maji, anatoka haraka. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Dada Vene anasukuma mlango, mzito, una mpira pande zote, na anakaza komeo nne. Kisha mimi nachukua kipande cha karatasi laini ya chooni, nakipitisha taratibu kwenye ukingo wote wa mlango. Kama hewa inavuja, karatasi inacheza. Isipocheza nasaini fomu iliyotundikwa ukutani, na mlango haufunguliwi mpaka kesho yake saa ileile. Edson alinipa kalamu mimi na si dada Vene kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Hakukuwa na sababu nyingine. Nilijivunia ile kalamu kupita kiasi.

Sasa nieleze habari ya baridi, maana asiyekaa kule hawezi kuelewa. Mwezi wa sita na wa saba Mufindi ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na kila nyumba inaingiza jiko la mkaa ndani. Na kila mwaka kuna nyumba ambayo watu wake hawaamki, kwa sababu walifunga kila kitu na hewa ya mkaa ikabaki ndani. Kila mtu kule anajua wa kwao. Wa dada Vene alikuwa mdogo wake, Skola, pamoja na mtoto mchanga, kwenye chumba cha kupanga Mafinga, miaka miwili kabla sijafahamiana naye. Yeye ndiye aliyekwenda kuuvunja mlango. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Walikuwa wazuri kama wamelala," akasema. "Mashavu mekundu. Chini ya mlango alikuwa ameziba na gauni lake, baridi isiingie." Kisha akaniambia nichukue ndoo nikateke maji. Chumbani kwetu dirisha halikufungwa lote hata siku moja mwaka ule. Hata mvua ikipiga kwenye kitanda chake liliachwa wazi vidole vitatu, na mimi nikazoea, nikawa hata mimi siwezi kupata usingizi nisipoliona limeachwa wazi.

Wiki za kwanza Edson alikuwa anasimama nasi mlangoni, na mlango ulikuwa unafungwa sawasawa. Baadaye kazi ikamzidi, akatuamini. Siku moja katika ile baridi kali nilipitisha karatasi yangu juu, nikashuka upande wa kulia, nikapita chini, na kwenye kona ya kushoto karatasi ikacheza. Nikainama. Kulikuwa na kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, kimebanwa kati ya mpira na sakafu, upana wa vidole vitatu. Nilikijua, kilikuwa kimechanwa kutoka kwenye kanga ya dada Vene ya kijani. Niliinua macho, nikamkuta ananiangalia. Hakuwa anaomba, wala hakuwa anatisha. Nikasimama, nikasaini fomu, tukaenda kula.

Nilijua kabisa kwamba gesi ile inatakiwa kubaki ndani. Nilijua pia kwamba ndani hakuna mtu, nilikuwa nimehesabu kreti mwenyewe. Edson alishatueleza kwamba kiasi kile hakimdhuru binadamu. Lakini gesi ni gesi, na chumba kimefungwa, na mkono uliokaza komeo ndio uliomtoa Skola ndani. Nilimhurumia, ndiyo. Ila nikisema nilisaini kwa huruma peke yake nitakuwa nimejipamba. Nilisaini pia kwa sababu kumwambia mkubwa wangu "hapana" ilikuwa kazi, na kusaini ilikuwa rahisi. Nilikiona kitambaa kile siku hiyo, na siku nyingine wiki iliyofuata, na siku nyingine tena. Mara tatu. Naiandika hesabu hiyo kwa sababu nilipoulizwa nilisema sikukiona kabisa.

Kontena la mwezi wa saba lilipofika huko lilikofika, maparachichi yalikuwa yamelainika na kuoza kwenye vikonyo. Picha zilikuja kwenye simu ya Edson. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanataka jibu upesi, na jibu la upesi lilikuwa wakulima, kwamba wamechuma matunda yaliyokwisha komaa kupita kiasi. Barua ikaenda kwenye kikundi kimoja cha wakulima, ikawaambia msimu ujao hawatanunuliwa. Mwenyekiti wao, mzee Kastori, alikuja pakihausi asubuhi akiwa na koti la kanisani na mkasi wake wa kuchumia mfukoni. Alisimama mlangoni pa ofisi, na sisi tuko karibu tunafagia. "Mwanangu," alimwambia Edson, "nilichuma kwa mkono wangu. Moja moja. Kikonyo niliacha kama mlivyofundisha. Sikutikisa mti." Edson akamwambia, "Baba, barua haikutoka kwangu." Mzee akasema, "Basi nionyeshe imetoka kwa nani nikaongee naye." Nilimwangalia dada Vene, ameinama anafagia palepale alipokuwa amekwisha kufagia. Hatukuongea habari ile njiani, wala tulipofika nyumbani.

Nitakuwa mwongo nikisema najua kitambaa ndicho kilichoyaozesha yale matunda. Kontena lile lilikaa bandarini kuliko ilivyopangwa, hilo lilisemwa wazi. Kulikuwa na kreti za chumba kingine humo ndani, na nilisikia nazo hazikuwa nzima. Mtaalamu wa kilimo aliyepata kula kwenye mgahawa wangu nilimuuliza, kama vile nauliza kwa ajili ya mtu mwingine, akaniambia tundu la vidole vitatu na feni inazunguka, gesi inakwisha kabla ya asubuhi. Lakini yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo na sijui.

Edson alikikuta kile kitambaa mwenyewe, mwezi wa nane, mchana, sisi tukiwa kwenye uji. Aliniita mimi kwanza. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya makaratasi na maparachichi ya sampuli yaliyopangwa dirishani kwa tarehe. Kitambaa alikuwa amekiweka mezani, amekinyoosha. "Subi," akasema, "wewe nilikupa kalamu kwa kukuamini. Hiki ni cha nani?" Nikasema, "Cha Mama Deo." Hilo lilikuwa kweli, na lilitoka haraka sana, bila hata kukwama. Akauliza, "Ulikiona ulipokagua?" Nilisikia feni za vyumba vya baridi zinaunguruma nyuma ya ukuta. Nikasema, "Sikukiona. Labda alikiweka baada ya mimi kukagua."

Alimwita dada Vene nikiwa nimesimama palepale. Natamani angenitoa nje kwanza, ila simlaumu, alitaka haki iwe mbele ya wote. Akamwambia, "Mama Deo, mwenzako anasema ulikiweka baada ya yeye kukagua." Dada Vene aliniangalia. Haikuwa kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bei ya kitu halafu anaamua hatanunua. Akasema, "Ndivyo." Edson akamuuliza kwa nini, naye akamweleza habari za Skola, kwa maneno machache kuliko aliyonieleza mimi. Edson akavua kofia yake, akaiweka mezani. "Mama, ungeniambia," akasema. "Mngeniambia. Ningemweka mtu mwingine mlangoni, wewe ningekupeleka mezani. Lilikuwa jambo dogo." Naamini alisema kweli. Lakini wakubwa walikuwa wameshaomba jina, na sasa jina lilikuwepo. Wakulima hawakurudishwa, maana barua ikishatoka haikuwa na mtu wa kuirudisha. Kwa hiyo ule ukweli wangu wa nusu haukumsaidia mzee Kastori hata kidogo. Ulimsaidia mtu mmoja tu, naye alikuwa mimi.

Dada Vene aliachishwa kazi, akafungasha mchana uleule ili awahi basi la saa kumi. Hakuwa na vingi. Aliacha jiko, akasema nitalihitaji. Kisha, na hili ndilo ambalo hata sasa linanirudia, akasonga ugali. Alisema hawezi kusafiri na njaa na mimi sijala tangu uji. Tulikaa kwenye vitanda kama kawaida, magoti karibu. Nilitaka kumwambia, nikasema, "Dada Vene." Akasema, "Kula, kunapoa." Nikala. Alipomaliza akaosha sahani zote mbili, akazifunika, akanyanyua begi. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea kifurushi chepesi. Kwenye basi hakukaa dirisha la upande niliosimama. Daftari la siku hiyo linasema: "Dada Vene ameondoka. Jua. Ugali, mnavu."

Mimi nilipandishwa. Nikawa nakaza komeo mwenyewe na kusaini mwenyewe mpaka msimu ulipoisha, na nilikaza sana, nikipitisha karatasi mara mbili mbili kwa ukingo ambao haukuwa na kitu. Watu mezani walisema, "Subi siku hizi ni mkali." Mwezi wa kumi na mbili nikaacha kazi, nikaenda Chunya kwenye dhahabu, mahali ambapo hakuna anayeuliza ulitokea wapi. Huko nikasikia, kwa mtu wa Kalenga aliyekuja kula, kwamba yule mama aliyeozesha matunda ya watu amerudi kulima vitunguu bondeni, na mwanawe ameacha shule, kwa aibu au kwa ada, hakujua vizuri. Nilimwongezea yule mtu nyama na sikumuuliza zaidi.

Hayo yote yalikuwa kwenye foleni pamoja nami pale msibani. Tulikula tumekaa kwenye benchi moja, yeye akiniuliza habari za mgahawa, nami nikijibu. Alipomaliza wali wake nikasema nilichokuwa sijasema. Nilisema vibaya, nikianzia katikati, lakini nilisema, kwamba niliona, na kwamba niliona mara tatu. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe cha maji.

"Nilikuwepo, Subi," akasema. "Nilikuona ukiinama."

"Kwa nini ulisema ndivyo?"

"Ulikuwa umeshasema. Ningefanyaje, nikakung'ang'anie shingo mbele ya Edson?" Akanywa maji. "Nilisubiri uniambie tukila. Ningekujibu vizuri siku ile. Sasa sina hasira, lakini na hilo jibu pia sina." Kisha akanionyesha kwa kidevu kijana mrefu aliyesimama kando ya gari dogo, akiongea na madereva wenzake. "Yule ni Deo. Amekua akijua mama yake alifanya kwa siri peke yake. Nilimwambia mama mdogo Subi hakuona kitu, ni mtu mwema, asikuchukie. Mimi siwezi kurudi kwake leo nikajiita mwongo. Kama unataka kusema, kamwambie wewe."

Nilikwenda. Deo aliacha maongezi yake, akanyoosha mkono. "Mama mdogo, shikamoo. Mama alikuwa anakutaja sana." Nikaitikia, nikamwomba tusogee pembeni, nikamwambia yote, safari hii nikianzia mwanzoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza kwa heshima kabisa kama siku ile ningesema niliona, mama yake angebaki kazini. Nikafikiri. Nilitaka kumpa jibu lililo sawa, si lile la kunifaa wala la kuniumiza. Nikamwambia, "Hapana. Nadhani tungefukuzwa wote wawili."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na hesabu. "Sawa," akasema. "Lakini mngekuwa wawili." Akaniacha pale, akaenda kumfungulia mama yake mlango wa gari.